Mwenye Neno juu ya Erick

Fidelis alipokuwa akiteremka kutoka mlimani asubuhi ile, alitamani kungekuwa na njia nyingine ya kufika nyumbani kwake Bigwa bila kupita mbele ya karakana ya Godlisten. Haikuwepo. Pale, katikati ya mageti yaliyochomelewa nusu, wanaume wa mtaa walikuwa na kijiwe chao, na wiki nzima kijiwe hicho hakikuwa na mazungumzo mengine ila mwanawe.

"Baba mchezaji huyo," Godlisten alisema kabla Fidelis hajavuka mtaro, akipandisha miwani yake ya kuchomelea juu ya paji la uso. "Mpisheni benchi. Chausiku, chai ya mzee wa Dar."

Fidelis alimwamkia mzee Stambuli, fundi cherehani, mkubwa kuliko wote pale, akaitikiwa marahaba, akakaa. Mapaja yalikuwa yakimtetemeka kwa mteremko. Chausiku akamwekea kikombe, akamtazama kidogo usoni, akarudi kwenye vitumbua vyake.

Ni kwenye benchi hilo hilo alikopigiwa simu Jumamosi iliyopita. Kocha wa vijana wa timu moja kubwa ya Dar, ambayo kijiwe kilikubaliana kutoitaja jina kwa kuogopa kijicho, alikuwa amemwona Erick kwenye fainali ya Kombe la Mbuzi kule Mazimbu. Alimtaka. Alitaka ridhaa ya mzazi ndani ya wiki moja, kisha kijana aripoti kambini. Kijiwe kizima kilikuwa kimenyamaza kusikiliza, na Fidelis, akiona macho yote yamemwelekea, alikata simu akavuta pumzi na kusema, "Mwanangu huyo. Nikishatia neno mimi, limekwisha."

Leo wiki ilikuwa imetimia, na neno lile lilikuwa limemkwama kooni.

"Tulikuwa tunasema hivi," Godlisten aliendelea. "Mwaka mmoja timu ya vijana. Wa pili, ligi kuu. Wa tatu anavaa jezi ya taifa. Nani anabisha?"

"Mimi," alisema Stambuli, bila kuinua macho kwenye suruali aliyokuwa akiishona pindo kwa mkono.

"Mzee wewe hata jua likichomoza unabisha."

"Jua nimelizoea, haliniongopei. Huyo mtoto ana mguu mmoja."

"Lakini mguu wenyewe umeuona?"

"Nimeuona. Na beki wa ligi kuu naye atauona. Atamzibia upande wa kushoto, dogo atageuka kulia, hana kitu huko. Ikifika dakika ya ishirini anaomba maji."

Rehani, dereva wa bodaboda na mwimbishaji wa timu ya mtaa, alikuwa amelala chali juu ya pikipiki yake, miguu kwenye usukani. Alicheka kwa dharau. "Mzee Stambuli, siku ile Mazimbu si walimzibia? Walimwekea mabeki wawili, mmoja wao mwanafunzi wa chuo, jitu lenye ndevu. Akawageuza wote kama chapati." Kisha akalipiga tenki la pikipiki ngumi na kuimba wimbo alioutunga mwenyewe, ambao siku hizi hata watoto wa shule waliuimba njiani:

*Erick piga kushoto, kipa alale na nyasi!*

"Nyimbo hazifungi magoli," alisema Stambuli.

"Zinafungisha."

"Na mpira wa juu je? Kona ikipigwa, Erick anafumba macho kama mtoto anayenyolewa. Namba tisa gani haogopi beki anaogopa mpira?"

Benchi zima likacheka, Godlisten naye akacheka, maana ilikuwa kweli. Fidelis alijikuta anatabasamu. Aliwajua wote wawili, Erick wa Godlisten na Erick wa Stambuli, na wote walikuwa mwanawe. Mguu ule wa kushoto ulikuwa kazi yake. Kila alipotoka zamu kiwandani Kihonda alimpeleka mtoto kiwanjani, akamkataza kuugusa mpira kwa mguu wa kulia. Mtoto alilia. Akalia mwaka mzima, halafu siku moja akaacha kulia, akapiga shuti lililomfanya baba mtu aangalie nyuma kuona kama kuna shahidi. Kwa kuhesabu saa, ilikuwa kazi kubwa kuliko yoyote aliyowahi kuifanya kiwandani, na hakuna aliyemtuma.

"Fidelis, sema wewe," Godlisten alimgusa goti. "Atafika, hatafika?"

"Anaweza kufika," alisema Fidelis.

"Anaweza? Baba mzima unasema anaweza?"

"Mwache," Rehani aliingilia. "Mzazi hajisifii. Ila dogo mwenyewe yuko wapi? Tangu jana sijamwona."

Fidelis aliinua kikombe, akakirudisha bila kunywa. "Amebaki mlimani. Anamuaga mjomba wake."

Sindano ya Stambuli ikasimama. Mzee yule alikuwa Mluguru wa kuzaliwa, wa huko huko juu. "Anaaga," alisema taratibu, "au anaombewa ruhusa?"

"Anaaga," Fidelis alirudia, na uongo ule ukamchoma kuliko chai.

Alikuwa amepanda jana na Erick. Kwao Songea mtoto ni wa baba, na baba akisema safari, kinachobaki ni kufunga mzigo. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba hulea, mjomba huamua. Fidelis aliyajua hayo tangu alipomwoa Eufrazia, lakini aliyajua kama mtu anavyojua mambo ya jirani: yapo, ni yao, hayamhusu. Miaka yote Erick alikaa kwake, akala kwake, akaitwa kwa jina lake. Hakuwahi kumuuliza mtu juu ya mwanawe. Hata jana hakupanda kuuliza. Alipanda kutoa taarifa.

Tomasi, kaka yake Eufrazia, aliwapokea vizuri. Aliwachinjia kuku. Walipomaliza kula ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, "Shemeji, habari yako nimeisikia sokoni. Wanawake waliopeleka ndizi Bigwa walirudi nayo. Wameniambia mshambuliaji wangu anasifiwa, anapondwa, ana mguu mmoja, anaogopa mpira wa juu. Kijiwe kizima kimeshamjadili mtoto wangu. Mimi bado."

"Ndiyo maana nimekuja, shemeji."

"Umekuja baada yao."

Fidelis alieleza. Alieleza kambi, kocha, shule ambayo timu ingemsomesha. Tomasi alisikiliza, akikohoa katikati ya maneno, kikohozi kizito kilichomkunja mabega. Kisha akajibu kwamba wanaume wa ukoo wamebaki wawili, yeye na Erick. Kwamba kifua chake kila mtu anakisikia. Kwamba mwaka huu, mavuno yakiisha, kijana atapewa jina la babu yao na mashamba yatakuwa mikononi mwake. Mwenye jina hakai Dar. Hakupandisha sauti hata mara moja. Fidelis ndiye aliyepandisha. Alisimama akasema yeye ndiye aliyemzaa, ndiye aliyemfundisha, na hakuna mtu wa kumpangia.

"Hatukatai kwamba ulizaa," alisema Tomasi.

Hapo Fidelis akamgeukia kijana, akiwa na hakika. "Erick. Sema mbele ya mjomba wako. Wewe unataka nini?"

Erick aliangalia chini. Alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu kuwapita wote wawili, na mikono yake mikubwa hakujua aiweke wapi. "Anavyosema mjomba," alisema.

Asubuhi Fidelis aliteremka peke yake.

"Tatizo lenu nyie," Godlisten alikuwa akimwambia Stambuli sasa, "mnataka mchezaji aliyekamilika. Kocha ndiye atamfundisha kichwa. Dogo ana pumzi, ana akili ya goli. Vingine ni vya kuongeza."

"Akili ya goli anayo," Stambuli alikubali. "Hilo sikubishii. Mpira ukimponyoka kipa, yeye ameshafika. Sijui anaambiwa na nani."

Kwa Stambuli hiyo ilikuwa sifa kubwa mno, na Rehani aliinuka juu ya pikipiki kuishangilia. Ndipo simu ya Fidelis ikaita.

Chausiku akapunguza moto chini ya karai. Fidelis aliitazama ile namba, akafikiria kuizima, akaona nyuso zao zilivyojaa furaha ya watu wanaongoja penalti, akapokea.

"Mzee Fidelis, habari za Morogoro?" Sauti ya kocha ilikuwa ya haraka na simu ile ya bei rahisi ilimsikilizisha kila mtu. "Nafunga orodha yangu leo. Kijana yuko tayari?"

"Kocha, naomba muda kidogo."

"Muda gani? Wewe si ndiye mzazi? Ulisema limekwisha."

"Nilisema."

"Basi sema ndiyo. Nataka kukusikia wewe tu."

Godlisten alikuwa akikubali kwa kichwa kwa nguvu, akimwonyesha kwa midomo: sema ndiyo. Fidelis aliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi. Neno moja. Lakini neno lake lisingemteremsha mtoto mlimani, na yeye alilijua hilo sasa kwa namna ambayo wiki iliyopita hakuijua.

"Mimi ni baba yake," alisema. "Ila mwenye neno ni mjomba wake."

Kocha akauliza, bila kejeli, kama mtu aliyepotea njia: "Baba upo hai, mzima, halafu mjomba ndiye anaamua?"

"Ndiyo."

"Nipe namba yake."

"Nakupa. Ila huko juu mtandao unashika jioni tu, mpaka mtu apande kwenye mwamba."

Kocha alivuta pumzi. "Mzee wangu, nafasi ni moja, na nina kijana wa Tabora ameshakuja na begi lake. Nilimpenda sana mtoto wako. Pole." Akakata.

Rehani alikuwa wa kwanza kusema. "Yaani ndiyo basi?"

"Haiwezekani," Godlisten aliinuka. "Damu yako, jasho lako! Nenda kamchukue. Tukodi gari, twende wote. Huyo mjomba ni nani?"

"Kaa chini, Godlisten," alisema Stambuli. "Usitukane ukoo wa watu." Kisha akamgeukia Fidelis, na sauti yake haikuwa na ushindi wowote. "Ungepanda kwanza, ndugu yangu. Kabla hujatuambia sisi."

"Nyie ndio mlioongea mpaka akasikia," Fidelis alisema.

Stambuli alirudia pindo lake. Godlisten alianza kumfokea Rehani kwamba wimbo wake ndio umeuza siri, Rehani akasema siri gani, mbona Godlisten mwenyewe aliandika jina la dogo kwenye geti la mteja? Wakabishana nani wa kulaumiwa, baba au mjomba au wauza ndizi. Na kidogo kidogo, kama maji yanavyorudi mtaroni, ubishi ukarudi ulikozoea: kama kweli angeenda, angepata namba au angekaa benchi. Stambuli alisema benchi. Godlisten akasema huyo wa Tabora ndiye atakayekaa benchi. Walimjadili Erick kama vile simu haikuita. Fidelis alifungua mdomo mara moja, akaona hana pa kuingilia, akaondoka. Chausiku peke yake alimwona akiondoka. "Na mama yake anasemaje?" alimuuliza.

Fidelis alitembea na swali hilo mpaka nyumbani.

Eufrazia alikuwa uani, akikunja nguo alizoanua kambani. Alimtazama mumewe, akatazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine anakuja, akarudia kukunja.

"Kaka amekataa," alisema. Haikuwa swali.

"Amekataa. Na timu imemchukua mwingine." Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. "Mama Erick, wewe ulitaka aende?"

Mkewe alilaza shati juu ya mengine, akalinyoosha kola kwa kiganja. "Nilitaka sana."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Nilikusikia unawaambia watu limekwisha, nikajua umeshapanga." "Kaka Tomasi mimi ndiye dada yake pekee. Ningetangulia mimi kupanda. Ningelala kule siku mbili, nimpikie, tuongee taratibu. Kaka hajawahi kunikatalia jambo nililomwomba kabla watu hawajasikia."

Fidelis alisimama. "Basi panda leo. Nimpigie kocha, labda..."

"Ulimpandishia sauti?"

Fidelis akakaa tena kwenye ndoo.

"Mbele ya mtoto?"

"Ndiyo."

Eufrazia alifumba macho kidogo, kama mtu aliyepatwa na moshi. "Sasa ameshasema, baba Erick. Na mtoto ameitikia. Nikipanda leo nikamwomba abadilishe, nitakuwa nimekuja kumwinamisha kaka yangu mbele ya mpwa wake. Sina mdomo huo."

Alileta mfuko wa salfeti kutoka ndani, akaanza kupanga nguo za Erick: suruali mbili, sweta, blanketi, kwa sababu kule juu usiku kuna baridi. Mama mmoja wa ndizi angempelekea. Fidelis alimtazama akifanya kazi hiyo kwa utulivu, na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya, aliingia chumbani kwa kijana, akatoka na viatu vyake vya mpira, vikiwa bado na udongo mwekundu kwenye meno yake. Akaviweka kando ya mfuko.

Eufrazia alivishika, akavipima mkononi kana kwamba ni mara ya kwanza kuviona.

"Kule nyumba zote ziko kwenye mteremko," alisema. "Hakuna hata pa kuusimamisha mpira."

Akavirudisha chini, pembeni ya ukuta, akafunga mdomo wa mfuko kwa kamba.