Yamini ya Mahrous na Daraja la Ayja

Watu wa Sur walilisubiri daraja lile kama mimba ya mke mmoja mwenye waume mia. Kwanza ilisimama nguzo ya upande huu wa hori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, kisha ya upande wa pili, mtaa wa Ayja, ndefu zote mbili, zikitazamana juu ya maji kama mashemeji waliogombana. Zikatandikwa kamba za chuma, na njia ikaning'inizwa kwenye kamba. Kila alasiri wazee walikwenda kusimama pwani wakampa mhandisi mawaidha, naye yuko juu huko hata hawasikii. Oman nzima, walisema, haina daraja jengine la namna hii, na watu wa Nizwa na ngome yao wakae kimya.

Mtu mmoja tu mjini aliomba lisimalizike. Naye alikuwa Mahrous, mkubwa wa ofisi ya maji, mjukuu wa nahodha aliyekwenda Unguja na kurudi mara arubaini. Picha ya babu huyo ilikuwa sebuleni kwake, kubwa kuliko dirisha, na mgeni hakupewa kahawa mpaka aisikie habari yake.

Kilichomtisha Mahrous ni ulimi wake mwenyewe. Mwaka 2003 mkewe, Kaltham, alikuwa akivuka hori kwa mashua kila Ijumaa kumzuru mamake, Bi Khole, huko Ayja. Ni mwendo wa dakika tano. Ijumaa moja Mahrous alifuatana naye. Waliporudi, alishuka mashuani kichwa wazi, macho mekundu, na hapo hapo mbele ya wavushaji akapiga ukelele:

"Wallahi, ukilivuka tena hori hili kwenda Ayja, huna mume!"

Watu wakashika midomo. Ijumaa iliyofuata Kaltham aliwapakia watoto garini, akakaa, akafunga mkanda.

"Zunguka," alimwambia mumewe.

Wakazunguka. Walilifuata hori mpaka linapoishia bara, wakapita mawe na vumbi, wakatokea Ayja kwa nyuma. Hori halikuvukwa, mama kaonwa, na ndoa ipo. Wakaenda hivyo miaka sita.

Daraja likaisha, ikatangazwa kuwa litafunguliwa Ijumaa. Bi Khole akapiga simu, na sauti yake ilisikika nyumba nzima bila ya simu kuhitajika.

"Ijumaa napika biriani! Watoto wangu wote wapite darajani kwa miguu. Atakayekuja kwa nyuma kama mwizi wa kuku, hali kwangu!"

Kaltham akaweka simu chini. "Umesikia. Ijumaa miye napita. Yamini ni yako, itafutie dawa."

Kumwuliza shekhe wa Sur ni sawa na kwenda kutangaza sokoni. Mahrous akaazimia kwenda Ibra, mji wa bara, kwa Shekhe Sinan, mzee aliyesoma Unguja na asiyejuana na jamaa zake. Alitaka kwenda peke yake, kimyakimya. Asubuhi alipotoka alimkuta Kaltham keshakaa mbele. Nyuma alikaa Bi Khole, aliyevuka kwa mashua tangu alfajiri, kapakata bakuli la sambusa.

"Shikamoo, mama," alisema Mahrous.

"Marahaba, mkwe. Tia moto gari. Nataka nijue kama mwanangu ana mume au ana dereva."

Shekhe Sinan aliwakaribisha kwa tende na kahawa, akaisikiliza kesi mpaka mwisho, macho kayafumba. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Yamini hufuata nia. Ulipoapa, ulinuia nini?"

Mahrous alinyoosha mgongo. Alikuwa na jibu tangu Sur, kalipiga pasi. "Nilinuia kumkataza kwenda kwa mamake. Alizidi. Mimi mwanamme, shekhe."

"Ahaa. Na tokea siku hiyo, kwa mamake hajakwenda?"

"Kila Ijumaa, shekhe," alisema Kaltham. "Yeye ndiye anayenipeleka."

Shekhe akafumbua macho. Akaweka kikombe chini, polepole, kama mtu anayeweka yai. "Basi, mwanangu, ikiwa ulilokataza ni kwenda kwa mamake, lilishavunjika wiki ile ile. Huyu si mkeo miaka sita sasa."

Kisha Bi Khole akavuta pumzi iliyotoka Pemba.

"Yaa Latif! Na wajukuu wangu wadogo, Lamees na Luay, je? Wamezaliwa juzi hawa! Mahrous, umenifanyia nini?"

Mahrous alimtazama Kaltham. Mwanamke yule aliyemwendesha mawe na vumbi miaka sita bila ya kulalamika, sasa alikuwa akijisogeza mbali naye, kama kwa mwanamme mgeni. Hapo manahodha wote wa ukoo wakamtoka Mahrous kichwani.

"Nilikuwa natapika!" alisema.

"Nini?" alisema shekhe.

"Bahari, shekhe. Siiwezi. Hata ile ya dakika tano. Siku ile nilikaa nyuma na wanaume, ikanijia, nikatapika ndani ya kofia yangu nikaitupa majini. Wavushaji walikuwa wanakuja kuniuliza. Nikaona bora nionekane nina hasira. Nilinuia sote tusipande tena mashua ile. Basi! Hapana jengine nililonuia."

"Kofia?" Kaltham aligeuka mzima mzima. "Ile niliyoishona miezi mitatu? Uliniambia upepo!"

"Upepo ulikuwepo pia."

"Na miye miaka sita nadhani unamchukia mama!"

"Namwogopa. Kumchukia simchukii."

Bi Khole alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Shekhe Sinan naye alikohoa kikohozi kirefu kisicho na ugonjwa.

"Uko tayari kuapa kuwa ndivyo?"

"Niko tayari. Lakini jamani, lisitoke humu."

"Basi mkeo ni mkeo. Mashua iacheni, darajani piteni. Na ukawalishe maskini kumi, ulimi wako ujifunze adabu."

Halikutoka humo mpaka walipotoka mlangoni. Kabla gari halijafika Al Kamil, mji wa njiani, Bi Khole alikuwa keshampigia simu dada yake, jirani yake, na mke wa mvushaji.

Siku ya Ijumaa, Mahrous na Kaltham walipanda darajani kwa miguu, watoto mbele. Chini, wavushaji walisimama mashuani mwao.

"Nahodha!" alipaza mmoja. "Tukutilie nanga?"

Mahrous alifungua mdomo amtajie babu yake. Kisha akaufunga. Walikuwa wamefika katikati, upepo wa bahari ulivuma, na njia chini ya miguu yake, au pengine miguu yenyewe, ilikuwa ikicheza.

"Vipi, bwana?" aliuliza Kaltham.

"Salama."

"Kweli?"

Mahrous akashika ukingo wa daraja. "Si salama hata kidogo. Nishike."

Kaltham alimshika mkono, mchana kweupe, mbele ya Sur na Ayja, jambo ambalo halijafanywa na mtu wa ukoo wake hata mmoja. Ng'ambo, mamake na wanawake wa mtaa walipowaona wameshikana hivyo walipiga vigelegele kama wanapokea maharusi, na bwana harusi akaingia Ayja, rangi yake ya ndizi mbichi, na mkewe mkononi.