Mizani ya Mkuu wa Kitalu

Mkuu mpya wa kitalu cha miche alikuja na mizani yenye namba nyekundu, akaiweka juu ya meza iliyokuwa ikiyumba, na tangu hapo wafanyakazi wakamwita Bwana Mizani. Yeye alidhani ni jina la heshima.

Asubuhi moja alifunika udongo wa vyungu kumi vya michungwa kwa plastiki, akakaza kwa kamba, akavipima. Saa nane alivipima tena. Kila chungu kilikuwa kimepungua karibu robo kilo. Akatangaza kwamba mwagiliaji anaiba maji na kupeleka kwenye bustani yake ya mboga. Maji yalikamuliwaje kutoka kwenye udongo uliofungwa kamba, hakusema. Aliona maelezo ni kazi ya watu wa chini. Barua ya kumfukuza ilikuwa tayari, na sahihi yenye mikia mitatu.

Mwagiliaji alikuwa mkwe wa fundi mzee wa kitalu, aliyelea miche miaka thelathini na minane bila kumiliki mizani. Mwanamke huyo hakulia. Aliuliza tu, "Baba, nikabidhi ufunguo wa bomba?"

"Kaa nao."

Mzee alikunja mikono ya shati lake, pande zote sawasawa. Alimwonyesha Bwana Mizani mfuko wa plastiki mkavu, akauvika kwenye tawi la mchungwa mmoja na kuufunga shingo. Mchungwa wa pili aliupukutisha majani yote. Wa tatu aliuacha ulivyo. Baada ya kupima vyungu vyote vitatu, udongo wake ukiwa bado umefunikwa, aliweka kiti juani, akamwomba mkuu avilinde mwenyewe, maana wezi ni wengi. Mkuu akakaa. Kiburi kilimzuia hata kuomba kofia.

Muda si mrefu mfuko uliingia ukungu, kisha matone, na ilipofika saa tisa unusu maji yalikuwa yamejikusanya kwenye kona yake.

"Umeyatia saa ngapi haya, Mzee?"

"Mlinzi ni wewe, Bwana. Mizizi inakunywa, majani yanatoa mvuke kwa vitundu visivyoonekana kwa macho. Wanafunzi wa darasa la tano wanalijua hilo." Mzee alimtazama mgongoni. "Shati lako nalo limelowa. Tumfukuze nani?"

Wafanyakazi wakainamia miche yao kwa bidii isiyo ya kawaida.

Vyungu vikapimwa. Mchungwa ulioachwa na majani yake ulikuwa umepungua. Ule uliopukutishwa haukupoteza kitu cha kutajika. Bwana Mizani aliangalia namba, akatafakari, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyevumbua moto.

"Basi majani ya miche yote yang'olewe. Tutaokoa maji."

Mzee alikuwa amekwisha kutana na wajinga, lakini si wenye juhudi kiasi hiki. Akamkabidhi mkasi na kalamu.

"Iandike amri hiyo nyuma ya barua yako, utie sahihi. Nitampelekea mwenye kitalu mimi mwenyewe, zote mbili kwa pamoja."

Mkuu aliushika mkasi, akautazama mche uliobaki vijiti vitupu, kisha akawatazama watu waliomgeuzia migongo. Aliitoa barua mfukoni. Mzee alinyoosha mkono, akangoja bila kuushusha, mpaka karatasi ikatua kiganjani.

Akampa mkwewe. Mwanamke yule aliisoma yote, akaikunja mara nne, akaisukuma chini ya mguu mfupi wa meza ya mizani. Meza ikaacha kuyumba. Kisha akaenda kufungua bomba.