Hodi kwa Baba

Baba alifundisha falsafa chuoni miaka thelathini, na nyumbani alitufundisha utani mmoja tu. Akijilaza kwenye kochi na kufumba macho, mimi na kaka tulikuwa tukimgonga paji la uso kwa kidole: "Hodi!" Naye, bila kufumbua macho, anajibu, "Hamna mtu." Tulicheka mpaka mbavu zinauma. Nilipokua alinieleza kwamba lile ndilo swali lililomkosesha usingizi maisha yake yote: utajuaje kama ndani ya mwenzako mna mtu?

Kisha kiharusi kikamwangusha. Miezi miwili alilala kitandani, macho wazi, hayamfuati yeyote. Asubuhi moja kaka alikuja na fomu za makao ya wagonjwa, ambako Baba angelishwa kwa mpira na asipate wa kuongea naye. Kaka ni fundi simu. Kitu kikizima hukijaribu mara mbili tatu, kisha hukitupia kwenye boksi la vipuri.

"Mdogo wangu, Baba hayupo tena," alisema. "Tunajidanganya tu."

"Umejuaje?"

"Si nimemwita hapa mara tatu?"

"Ukasubiri muda gani?"

Akaanza kutafuta kalamu mfukoni. Nikamnyang'anya zile fomu na kuzikalia, na mimi ni mtu mzima mwenye watoto wawili.

Kazi yangu ni kukagua matumbawe. Napiga mbizi na kibao na penseli, naandika lipi ni zima, lipi limepauka, lipi limekufa. Watu hudhani tumbawe ni jiwe, kumbe ni wanyama wadogo wadogo walioshikana, wenye mwani ndani ya miili yao unaowalisha na kuwapa rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi wanautema, wanabaki weupe pe, na njaa. Miaka hii joto limezidi, na zipo siku narudi na kibao kilichojaa neno moja: limekufa.

Mwaka juzi niliandika neno hilo kwa tumbawe namba kumi na nne, kubwa kuliko meza yetu ya kulia. Nilikuwa nimechoka. Nilipomsimulia Baba, akaniuliza, "Uliligongea hodi?" Nilinuna; nikaona ananitania msibani. Lakini kesho yake nilirudi na bomba la sindano lenye chakula, nikakidondosha juu ya ule weupe na kusubiri. Dakika tano, kimya. Kumi, kimya. Ya kumi na mbili, minyiri ya wale wanyama, myembamba kama nyuzi, ikaanza kujitokeza, ikakishika kile chakula. Nililia ndani ya miwani ya kuzamia, jambo nisilomshauri mtu.

Nilimsimulia kaka haya yote. "Nipe dakika ishirini," nikamwambia. "Baada ya hapo nitakupa fomu zako."

Akaketi. Nikamgonga Baba paji la uso, taratibu. "Hodi."

Tukasubiri. Simu ya kaka ikaita, akaizima. Pazia likacheza. Nilianza kuogopa, maana nilikuwa nimeahidi, na saa ya ukutani ilikuwa haina huruma. Dakika ya kumi na sita, midomo ya Baba ikatikisika.

"Ham..." Akavuta pumzi. "Hamna..."

Neno la pili halikufika. Halikuhitajika. Kaka alikuwa ameshapiga magoti kando ya kitanda, machozi yakimchuruzika kwenye ndevu. Akanyoosha kidole chake kilichojaa makovu ya chuma cha kuchomea, akamgonga Baba kama tulivyokuwa tukifanya zamani.

"Hodi, Baba," alisema. "Ni mimi. Nitasubiri."