Herode Aomba Kuwa Yusufu

Kila Disemba, kwa miaka kumi na moja mfululizo, Kabiru alikuwa Herode. Katika kanisa lao pale Kitale, mchezo wa Krismasi ulijulikana kwa mambo mawili: chai ya bure baada ya onyesho, na Kabiru akitokea nyuma ya pazia jekundu, taji la bati kichwani, akitembea polepole bila kusema neno. Aliwatazama watoto waliokaa kwenye mikeka mbele, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho. Hapo ndipo aliponguruma, "Nileteeni huyo mtoto!" na nusu ya watoto wakakimbilia kwa mama zao huku watu wazima wakipiga makofi na kusema kwamba mwaka huu amezidisha.

Siku za kawaida alikuwa fundi wa pampu za kunyunyizia dawa. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa duka la pembejeo karibu na soko, na wakulima walimletea pampu zinazovuja kutoka Saboti mpaka Kachibora. Wengi wao hawakulijua jina lake. "Herode, pampu yangu iko tayari?" waliuliza, naye akaitika. Jina halikumuudhi. Mtu mfupi, mwenye mikono inayonuka dawa ya mahindi, huwa hakumbukwi na watu wengi hivyo.

Mambo yalibadilika alipomwoa Wilkista. Wilkista alikuwa mjane wa Mabanga, karibu na Bungoma mjini, aliyekuja Kitale kuuza vitambaa. Alikuja na binti yake, Mary Ann, ambaye sasa alikuwa na miaka minane. Mtoto alikuwa na adabu. Alimpokea Kabiru mzigo akirudi, akamletea maji ya kunawa, akaondoka. Hakumwita baba, wala hakumwita kwa jina lolote. Akitaka kusema naye, alisimama karibu mpaka Kabiru atambue kuwa yupo.

Baada ya onyesho la mwaka uliopita, wenzake shuleni walimwambia Mary Ann kwamba kwao kunaishi Herode. Mtoto hakusema nyumbani. Kabiru alikuja kujua mwezi wa Oktoba, siku mbuzi wa jirani alipoingia kwenye sukuma wiki. Kabiru alimpigia yule mbuzi kelele kwa sauti yake yote. Nyuma yake alisikia sufuria ikianguka, na alipogeuka alimwona Mary Ann akikimbia kuelekea kwa jirani yao Lenah, bila viatu, mikono masikioni. Ilichukua saa nzima kumrudisha. Lenah ndiye aliyemweleza Kabiru mambo ya shuleni, akiangalia chini kana kwamba kosa ni lake yeye.

Jumamosi iliyofuata Kabiru alikwenda kwa Mwalimu Bilha, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye ndiye aliyeandika na kuongoza mchezo huo tangu mwanzo. Alimkuta uani akichambua maharagwe.

"Mwalimu, mimi mwaka huu sitaki hiyo ya Herode."

"Unataka kuacha mchezo?"

"Hapana. Nataka Yusufu."

Bilha aliacha kuchambua. "Yusufu! Kabiru, Yusufu hana hata maneno kumi. Anasimama tu hapo kando ya Mariamu. Watu wanakuja kukuona wewe ukinguruma, na mwaka huu ndio tumealikwa kule Mabanga, mbele ya watu wa Bungoma. Ati nikuweke usimame?"

"Si unipee tu nijaribu?"

"Kwa nini lakini?"

Kabiru alimweleza juu ya mbuzi na sufuria. Bilha alisikiliza mpaka mwisho, akaokota jiwe kwenye maharagwe, akalitupa. "Herode nampa nani sasa?"

"Barasa. Yule wa trekta. Ni mrefu na ana kifua."

Mazoezi yalianza Novemba, mahindi yakiwa yanavunwa, na nusu ya waigizaji walifika na vumbi la shambani nguoni. Kabiru alidhani kusimama ni kazi rahisi. Kumbe miaka kumi na moja ya kuwa mfalme ilikuwa imemkaa mwilini. Akisimama kando ya Chepngeno, msusi kijana aliyeigiza Mariamu, kifua kilitoka mbele chenyewe na mikono ikaenda kiunoni.

"Mikono, Kabiru!" Bilha alipaza sauti. "Yusufu ni fundi seremala, si OCS wa kituo cha polisi!"

Kibaya zaidi, ilimbidi amfundishe Barasa kunguruma. Barasa alianza kwa kupiga kelele ovyo, na Kabiru akamwonyesha jinsi ya kungoja, jinsi ya kuwatazama watoto mmoja mmoja. Kijana alishika haraka. Siku aliyopatia, wenzake wote walishangilia, na Kabiru akashangilia pia, ila aliporudi nyumbani hakumaliza chakula.

Onyesho la Kitale lilikuwa tarehe ishirini na mbili Disemba, saa nane mchana, na ukumbi ulijaa hadi madirishani. Chepngeno alipoingia akiwa amejifunika leso ya samawati, watu walinyamaza. Kisha Kabiru akaingia nyuma yake, fimbo mkononi, shuka begani.

"Haiya! Herode ameokoka!" mtu akasema kutoka nyuma.

Ukumbi mzima ulicheka. Kabiru aliendelea kutembea. Alipoinama kumtandikia Mariamu majani makavu, mwingine akasema, "Mama, chunga huyo mtoto, huyo tunamjua!" Kicheko kikapanda tena. Mtoto halisi, wa Lenah, ambaye ndiye aliyelazwa horini, akaanza kulia. Chepngeno alisahau maneno yake. Watu walizidi kucheka, na Kabiru akaugeukia ukumbi.

"Nyamazeni!" akanguruma.

Ilikuwa ile sauti yenyewe. Ukumbi ulilipuka kwa makofi na vifijo, watu wakasimama, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Lakini mbele, kwenye mkeka, Mary Ann alikuwa ameweka mikono masikioni, na alipotazamwa na Kabiru aliangalia pembeni.

Kabiru hakunywa chai siku hiyo. Alimfuata Bilha nyuma ya ukumbi, akamwambia amrudishie taji la bati kwa onyesho la Mabanga.

"Taji sasa ni la Barasa," Bilha alisema. "Kama hutaki Yusufu, sema nimtafute mwingine. Lakini Herode sikurudishii."

Nyumbani Wilkista alikuwa akifungasha nguo za safari, kwa maana wangekula Krismasi kwao Mabanga. Alimsikiliza mumewe bila kuacha kukunja.

"Hapa wanacheka kwa sababu wanakujua," akasema. "Kule kwetu wanajua tu kuna Mkikuyu wa pampu alichukua Wilkista. Hakuna mtu ameona Herode wako."

"Na baba yako?"

Wilkista alikaa kitandani. "Baba amepiga simu tena. Anasema Januari Mary Ann abaki kwake, aanze shule huko. Anasema mtoto wa mjane halelewi na mtu baki. Nimemwambia tutaongea tukifika."

Kabiru alikuwa akijua jambo hilo linakuja. Mzee Khaemba, baba mkwe wake, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepokea mahari kwa mikono miwili, akaomba dua, akala. Lakini tangu siku ile alimwita Kabiru "mgeni", na hakuwahi kutia mguu Kitale.

Siku ya Krismasi waliikaribisha pale Mabanga kwa ibada, kuku, chapati na wageni wengi. Hakuna aliyetaja suala la shule. Mama mkwe, kwa desturi ya kwao, hakumpa Kabiru mkono wala kukaa naye. Alipitia upande wa pili wa boma, na akiwa na neno alimtuma mtu. Kesho yake, tarehe ishirini na sita, wenzake Kabiru walifika kutoka Kitale kwa basi la shule lililokodishwa, na mchezo ukapangwa kwenye uwanja wa mpira, juu ya trela mbili za trekta zilizounganishwa.

Kwanza walicheza wenyeji. Wazee watatu walipiga nyuzi za litungu, wakikaa kwenye viti vya plastiki, na kina mama wakatoka kucheza kamabeka, mabega yakitetemeka hivi kwamba hata Mwalimu Bilha, aliyezaliwa Nyeri, alijaribu kidogo akaona haiwezekani. Halafu wakaitwa watu wa Kitale.

Kabiru alipanda trela akiwa na fimbo yake. Alingoja kicheko. Hakikuja. Watu walimwona mwanamume mfupi mwenye shuka akimshika mkono mwanamke mjamzito ili asianguke, na bibi mmoja mbele akasema, "Pole pole naye." Kabiru akaenda polepole. Mikono yake ilijua pa kukaa, kwa sababu ilikuwa na kazi: kumtandikia majani, kufuta kiti, kumpa maji. Waliposema hakuna nafasi katika nyumba ya wageni, watu wawili uwanjani waliitikia kwamba kwao iko.

Kisha akatoka Barasa. Barasa mama yake ni wa Chwele, na pale, mbele ya watu wa kwao, aliwatazama watoto mmoja mmoja kama alivyofundishwa, akangoja, halafu akanguruma kwa Kibukusu, lugha ya wenyeji. Hakuna aliyekuwa amemwambia afanye hivyo. Watoto waliokaa chini walitawanyika kama kuku walioona mwewe. Askari waliruka kutoka trelani na mapanga ya mbao, na vumbi likapanda.

Katika vurugu hiyo, msichana mdogo wa miaka kama mitatu, aliyepotezana na mama yake, alipanda ngazi ya trela kwa magoti. Alishika nguo ya kwanza aliyoikuta. Ilikuwa shuka la Kabiru. Alilia akiwa amelikazia ngumi.

Mchezo ulitaka Yusufu aondoke sasa kwenda Misri. Chepngeno alikuwa tayari ameshamfunga mdoli kifuani na alikuwa akimngoja. Kabiru alimwangalia Bilha. Bilha aliinua mabega. Basi akainama, akamchukua yule mtoto, akamweka kiunoni kama mtu aliyezoea, akamfunika kichwa kwa shuka asimwone Herode. "Twende," alimwambia Mariamu, neno ambalo halikuandikwa popote. Wakashuka ngazi ya upande wa pili, Yusufu na Mariamu na watoto wawili, wakakatiza katikati ya watu waliowapisha njia. Wengine walicheka, lakini kicheko kile kilikuwa na upole. Bibi wa mbele alipiga kigelegele. Mama wa mtoto aliwafikia karibu na goli, akihema, akampokea binti yake ambaye kwa wakati huo alikuwa amenyamaza na kuanza kuvuta ndevu za bandia za Kabiru.

Jioni ilipokaribia, jua likiwa bado lipo, Mzee Khaemba aliita watu wake sebuleni. Walikaa yeye, kaka yake, Wilkista na Kabiru. Mama mkwe alikuwa jikoni, mlango wazi.

"Leo umefanya vizuri, mgeni," alisema Khaemba. "Lakini maigizo ni maigizo. Mimi naongea maneno ya nyumba. Huyu mtoto ana kwao."

"Ni kweli, baba," Kabiru alisema. "Ana kwao hapa. Sibishani na hilo."

"Basi?"

"Basi aulizwe. Ana miaka minane, si mzigo wa mahindi."

Kaka yake Khaemba aliguna. Khaemba alifikiri kidogo, akaita. Mary Ann aliingia, akasimama kati ya viti.

"Unataka kusoma hapa ama Kitale?"

"Kitale, kuka," alimjibu babu yake. "Rafiki yangu Jepkoech ameniwekea kiti darasani."

"Na huyu?" Khaemba alimwonyesha Kabiru kwa kidevu. "Anakaa nawe namna gani? Sema tu, hakuna mtu atakuchapa."

Mtoto alimtazama Kabiru moja kwa moja, jambo alilolifanya mara chache. "Anapiga kelele sana," alisema. "Nitamwambia apunguze."

"Hujamwambia?"

"Bado."

Wilkista alifunika mdomo. Kabiru alisogea mbele kwenye kiti, viwiko magotini, ili macho yao yalingane. "Niambie sasa," alisema.

Mary Ann alifikiri. "Punguza."

"Sawa. Nitapunguza. Na nikisahau?"

"Nitakukumbusha."

"Sawa."

Khaemba aliwaangalia wote wawili, akasugua goti lake. Kisha akaeleza uamuzi wake kama mtu anayegawa shamba: mtoto atasoma Kitale, likizo ya Aprili atakuja Mabanga, ya Agosti vilevile, na akipigwa, yeye Khaemba atakuja Kitale mwenyewe, kwa miguu ikibidi. "Nimesema," akamaliza.

"Karibu hata asipopigwa, baba," Kabiru alijibu. "Uje tu."

Mzee hakuahidi. Lakini chakula kilipoletwa, kuku alikuja katika sahani mbili, na firigisi, ambayo katika nyumba ile haikuliwa na mtu mwingine ila Khaemba, ilikuwa juu ya sahani ya Kabiru. Kaka yake Khaemba aliiona, akaacha kunawa. Kabiru naye alishtuka, akataka kuisukuma kwa mzee.

"Mwambieni huyo mkwe wangu ale," sauti ya mama mkwe ilitoka jikoni. "Amebeba mtoto wa watu mpaka golini. Amechoka."

Wote walimtazama Khaemba. Mzee alivuta sahani yake karibu, akachagua paja, akasema, "Kula bana, inapoa."

Kabiru akala.

Asubuhi yake, kundi likirudi Kitale, Mwalimu Bilha alipiga simu kutoka basini kuuliza kama angetaka Herode mwakani, kwa sababu Barasa alikuwa amealikwa na kundi lingine la maigizo Bungoma mjini. Kabiru alisema atafikiri. Alikuwa nje wakati huo, ameshika mwisho mmoja wa kamba, na Mary Ann mwisho mwingine, wakimfungia nyanya mahali pa kuanika nguo.

"Ni nani?" Mary Ann aliuliza.

"Ni Mwalimu. Anataka nirudi kuwa Herode."

"Na utakubali?"

"Sijui. Wewe unaonaje?"

Mtoto alikaza fundo kwa meno, akalivuta kulijaribu. "Kama ni kanisani tu, sawa," alisema, kisha akamwambia asogee kushoto kwa sababu kamba ilikuwa imelegea.