Clelia Anaogelea Kwenda Upande Gani?

Katika mtaa wetu mjini Siena bibi harusi haondoki kwa baba yake bila sanduku la nguo, na sanduku haliheshimiki bila picha ya Warumi wa kale ubavuni. Picha inayopendwa ni ya vijana wa Romulo, mwanzilishi wa Roma, wakiwabeba msobemsobe binti za jirani zao Wasabini, wakawe wake zao. Bwana harusi hucheka, baba hutanua kifua, na bibi harusi haulizwi.

Tessa hakungoja kuulizwa. Alikuja kwenye karakana yangu na shangazi yake nilipokuwa nimemaliza kuchora mistari ya mkaa. Nilikuwa nimetoka kwa mwalimu wangu miezi michache tu kabla, na sanduku lake lilikuwa kazi ya kwanza kwa jina langu mwenyewe.

“Meo, huyu anayerusha mateke ndiye mimi?”

“Ndiyo desturi, binti.”

“Binti nani? Tumekua wote tukirushiana maji kisimani! Lando nampenda, nakwenda kwake kwa hiari yangu. Huyu anabebwa kama gunia la ngano.”

“Tena gunia lenyewe zito,” shangazi akadakia. “Mrumi gani angekuweza?”

Tukacheka, lakini Tessa hakuondoa macho kwenye ubao. “Nichoree Clelia,” akasema.

Clelia alikuwa msichana wa Kirumi aliyewekwa rehani kwa mfalme Porsena wa Chiusi, akatoroka kwa kuogelea mto Tiberi huku mishale ikimpita kichwani. Warumi walikuwa wameweka ahadi, wakamrudisha. Mfalme hakumwadhibu. Alimpa farasi, akamwacha huru. Nilifuta Wasabini siku ileile. Naamini picha nzuri inaweza kumwambia mtu jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia, na sijawahi kuchora kwa furaha kama ile. Baba yake Tessa, Bwana Bindo, alipopita dirishani na kuuliza kazi imefikia wapi, nilimjibu, “Niko kwa Warumi.” Akaridhika.

Siku moja kabla ya harusi alikuja na wapagazi wawili, amepanda farasi wake wa kijivu, ambaye hata wanawe wa kiume hawathubutu kumshika hatamu. Wapagazi walitoa sanduku barabarani, wakalinyanyua kama litakavyobebwa kesho: uso wenye picha upande wa kulia wa njia, wanakosimama wanaume. Wakapiga hatua chache.

Bwana Bindo akashuka, uso umemwiva.

“Fundi, huyu msichana anakwenda wapi?”

Nikatazama, nikaona kosa langu. Nilikuwa nimechora kambi ya mfalme mkono wa kulia na Roma mkono wa kushoto. Wapagazi walikwenda mbele, Clelia akaogelea kurudi nyuma, kama anayerudi kwenye mlango wa baba yake Tessa.

“Lando ni mtu wa wapi?” akaniuliza.

“Chiusi, bwana.”

“Mji wa Porsena! Wakwe wamekuja kumpokea mwanangu, nawe unawaonyesha anavyowatoroka kabla hata hajafika! Watasema nimewauzia mbuzi aliyezoea kukata kamba. Paka chokaa hapo. Kesho tutabeba sanduku la dada yangu, lenye Wasabini wake. Na ukome kutafuta kazi mtaa huu.”

Tessa alikuwa amefika na shangazi yake; alisimama mlangoni pa karakana, amesikia yote. Hakulia. Alinitazama kama mtu anayesubiri rafiki amalize sentensi.

Nikalizunguka sanduku. Ubavu wa pili, ulioelekea wanakosimama wanawake, ulikuwa ubao mtupu. Hapo nikacheka kwa sauti.

“Ligeuzeni,” nikawaambia wapagazi. “Wa mbele awe wa nyuma.”

“Picha itawaelekea wanawake!” Bwana Bindo akafoka.

“Nguo ni za nani, bwana? Tembeeni.”

Wakatembea. Clelia akaogelea mbele, kifua kikipasua maji, kuelekea Lango la Roma, la kutokea mjini kwetu, ambako kesho Lando na ndugu zake wangengoja. Hakuna aliyembeba.

“Clelia alikuwa anakwenda kwao,” nikasema. “Kuanzia kesho, kwao Tessa ni kule.”

Bwana Bindo akakuna kidevu. Alitazama kambi iliyobaki nyuma, na mfalme mnene aliyesimama ukingoni. Naapa sikukusudia, lakini mfalme yule alikuwa na kidevu kama cha Bwana Bindo.

“Kwa hiyo mimi ndiye Porsena?”

“Ndiye wewe, baba,” Tessa akasema, akashika hatamu za yule farasi wa kijivu. “Na Porsena alimpa nini Clelia?”

“Tessa! Kesho utapanda nyumbu wa shangazi yako, tumeshakubaliana.”

“Nyumbu yule ana umri wangu,” shangazi akasema toka dirishani. “Mfalme gani huyu, bahili namna hii?”

Wapagazi wakainamisha nyuso kuficha kicheko. Bwana Bindo akaangua kicheko mpaka akaegemea sanduku langu, na rangi ya vazi la mfalme, iliyokuwa bado mbichi, ikamwachia doa kwenye mkono wa joho.

Kesho yake wanaume walinung’unika upande wao kwa kuonyeshwa ubao mtupu. Upande wa pili wanawake waliinua watoto wao waone. Nyuma ya sanduku alikuja Tessa, mgongo wima juu ya farasi wa kijivu, na mbele yake, hatamu mkononi, alitembea baba yake, amevaa joho lilelile lenye doa.