Wakinyamaza, Vuta

Mwalimu wa kwaya aliingia kwa fundi akiwa amelibeba pazia begani kama mtu anayemkimbiza mgonjwa hospitalini. Alilibwaga juu ya meza ya kukatia, vumbi likatimka, na kabla ya salamu wote wawili wakapiga chafya.

"Samahani, dada fundi. Limechanika juu, na tamasha la likizo ni Jumamosi."

Fundi alilivuta karibu. Alikuwa amelitambua hata kabla ya kulikunjua. Mahameli nyekundu, iliyopauka kwenye mikunjo, na chini pembeni kiraka cha pembe tatu kilichoshonwa kwa uzi mweusi. Kiraka kile alikitia baba yake kwa mkono, miaka ishirini na minne iliyopita, naye ndiye aliyemshikia taa.

"Nina kazi nyingi wiki hii," alisema.

"Najua. Nimezunguka kwa mafundi wanne. Wote wameniambia, pazia la ukubwa huo mpelekee yule dada asiye na haraka."

Hilo lilimfanya acheke bila kupenda. Wateja wake walimtania kwamba hata kifungo cha shati hukitafakari kwanza. Ni kweli, kabla ya kukata kitambaa alihesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Hakuna aliyejua tabia hiyo ilitoka wapi. Ilitoka kwenye pazia hilohilo.

Alipokuwa mdogo, hakuna siku aliyoingoja kama ya tamasha la likizo. Shule zilifungwa Ijumaa, na Jumamosi jioni ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Baba yake alikuwa seremala, lakini siku hiyo moja kazi yake ilikuwa kuvuta kamba ya pazia, na mtaa mzima ulimwita Baba Pazia. Binti alikaa pembeni ya jukwaa kwenye kigoda, karibu na kamba. Akiwa pale aliwaona waimbaji kwa ubavu. Alijua nani amevua viatu kwa siri na nani anatafuna kitu. Aliamini hakuna mtoto mwenye bahati kumzidi.

Alipofikisha miaka tisa, baba alimpa kamba kwa ajili ya wimbo wa mwisho, kwa sababu yeye alitakiwa kuvuka upande wa pili kuwasha taa za ukumbi.

"Wakinyamaza, vuta," alimwambia, akaondoka.

Walinyamaza, akavuta kwa nguvu zake zote. Kumbe wimbo ulikuwa mpya mwaka ule, na mwalimu wa wakati huo alikuwa ameweka kimya kirefu kabla ya beti ya mwisho. Pazia liliwafunga waimbaji midomo ikiwa wazi. Ukumbini watu wakanong'ona, mmoja akaangua kicheko. Binti hakungoja kusikia zaidi. Alitokea mlango wa nyuma, akajibanza kwenye banda la baiskeli, viganja masikioni.

Mwaka uliofuata kamba ilishikwa na mtu mwingine. Hakuna aliyemweleza kitu, naye hakuuliza. Alijumlisha mwenyewe akapata jibu lake: baba amefukuzwa, na aliyemfukuzisha ni yeye. Tangu hapo kila siku ya tamasha tumbo lilimuuma. Hakuwa anajifanya, lilimuuma kwelikweli. Hata ukubwani, mteja akianzisha habari za tamasha, yeye aliwasha cherehani.

Sasa alilitazama pazia, akahesabu kumi, akachukua tepu.

"Haya. Nitalibadilishia utepe wa juu," alisema, "na nitalitia bitana nzito, lisichanike tena."

"Bitana hapana!" Mwalimu aliinua mikono yote miwili. "Tafadhali. Sauti haitapita."

"Sauti ipite wapi? Si pazia linakuwa wazi mkiimba?"

"Beti ya mwisho tunaiimba likiwa limefungwa. Hujawahi kuja?"

"Zamani sana."

"Basi hukuiona. Tunafika mahali tunanyamaza, pazia linafungwa, watu wanadhani kwisha. Halafu beti ya mwisho inatokea nyuma ya kitambaa, taratibu, huoni mtu. Kuna watu huja kwa ajili ya hiyo tu. Mwaka wangu wa kwanza nilijaribu kuliacha pazia wazi, na mama mmoja mzima akanifuata mpaka nje akitaka turudie."

"Nani aliyeanzisha?"

"Mimi niliikuta. Nafikiri ni mtu aliyekaa akawaza sana."

Fundi alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Safari hii alihesabu mpaka ishirini na bado haikusaidia.

Mwalimu alipoondoka, baba yake fundi aliingia kutoka chumba cha ndani, akijikongoja na sumaku yake iliyofungwa kwenye fimbo. Tangu magoti yalipomzidi na akahamia kwa bintiye, kazi yake ya kila asubuhi ilikuwa kuokota pini sakafuni.

"Nani kapiga chafya namna ile? Nilidhani paa limeanguka." Akaliona pazia. Akainama kwa taabu, akapapasa kiraka. "Ehee! Wewe bado upo?"

"Baba," binti alisema, "kwa nini uliacha kuvuta kamba?"

"Kamba? Niliiacha mwenyewe."

"Hawakukufukuza?"

"Wanifukuze kwa lipi? Mwalimu wa kwaya alikuja nyumbani Jumatatu yake. Nikajua leo nafokewa. Kumbe watu waliipenda ile beti iliyoimbiwa nyuma ya pazia, anataka tufanye vilevile mwakani. Nikamwambia sawa, ila kamba mpe mwingine. Ukikaa pembeni kule husikii sauti ikipita kwenye kitambaa. Mimi nilitaka kiti cha mbele."

"Na kosa langu je?"

"Kosa lipi? Nilikwambia wakinyamaza, vuta. Walinyamaza, ukavuta. Aliyekosea ni mimi, sikuwauliza wimbo unaishia wapi." Alimtazama sana. "Mama, una nini?"

"Nilidhani nilikupotezea kazi yako. Miaka yote hii."

Mzee aliiegemeza fimbo mezani. Pini zilizonaswa zilitikisika.

"Ndiyo maana ya lile tumbo?"

Binti akaitikia kwa kichwa.

"Loo! Nami nilidhani umekinai. Kila nikisema twende, tumbo. Mama yako akaniambia mwache, watoto hukua. Nikawa nakuwekea kiti kila mwaka mpaka taa zizimwe, ndipo nawaachia wengine."

Hapo binti alilia kidogo, akacheka, akapenga kamasi kwa kipande cha bitana ambayo haikuwa na kazi tena. Kisha akaketi kwenye cherehani. Alishona siku mbili, pole pole, akipitisha mishono miwili pale kamba inapovuta, na kiraka cha uzi mweusi hakukigusa.

Jumamosi walikaa viti vya mbele, mzee akiwa na koti lake la zamani linalonuka kabati. Ukumbi ulikuwa mdogo kuliko binti alivyoukumbuka, na upande wa kushoto mwimbaji mmoja alikuwa amevua viatu. Tumbo lake alilisikiliza mara mbili tatu. Lilikuwa limetulia tuli.

Wimbo wa mwisho ukafika. Kwaya ikanyamaza. Pazia halikusogea.

"Anachelewa huyo," mzee alinong'ona kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri, na safu nzima ikageuka.

"Shhh, baba."

Pazia likafungwa. Gizani, kutoka nyuma ya mahameli aliyoikunja na kuikunjua kwa mikono yake, beti ya mwisho ikaanza, nyororo, kama watu wanaoimba chumba cha pili wakiwa hawajui unawasikia. Ndiyo beti aliyoizibia masikio akiwa na miaka tisa. Aliisikiliza yote.

Taa zilipowaka, mzee alikuwa bado anatikisa kichwa.

"Amevuta kama anateka maji kisimani," alisema. "Wewe ulivuta mara moja tu. Paa!"