Ruhusa ya Kitanda cha Nne

Tangu Jumatatu ya wiki hiyo, wauguzi wa wodi ya watoto walikuwa wamekabidhiwa kazi ya kuwaruhusu wenyewe kurudi nyumbani watoto waliofanyiwa upasuaji mdogo, bila kumsubiri daktari. Sista wa zamu ndiye aliyelipigania jambo hilo mwaka mzima. Alikuwa amechoka kuona watoto wazima kabisa wakishinda kitandani hadi jioni, wakingoja sahihi tu. Leo ilikuwa zamu yake ya kwanza kwa utaratibu huo, na kitanda cha nne kikamkalia kooni.

Hapo alilala binti wa miaka sita, aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri asubuhi. Homa hana. Kidonda kikavu. Uji amekunywa, akaomba na kikombe cha pili. Ametembea hadi dirishani na kurudi. Limebaki moja: hajakojoa tangu azinduke, na bila hilo sista hamruhusu.

"Sina mkojo," alisema kila alipoulizwa, huku amebana mapaja.

Bibi yake, fundi cherehani aliyekuja na tepu ya kupimia shingoni, uvumilivu ulishamwisha. "Mwite daktari, mwanangu. Sikudharau, lakini mambo ya visu yana wenyewe."

Maneno yalimchoma sista, akayameza. "Nikiona kuna tatizo nitamwita mbio, bibi. Nipe dakika kumi."

Akavuta kiti, akamwinamia mtoto. "Ninong'oneze. Unaogopa nini?"

Mtoto alimwibia bibi jicho, kisha akanong'ona: "Dada kasema nikikojoa nyuzi zitafumuka, matumbo yatoke yote chooni."

Sista nusura aangue kicheko. Angeweza kumweleza mwenyewe, ila aliona yupo wa kuaminika zaidi. "Bibi, wewe ndiye fundi. Mshono uliokazwa vizuri hufumuka mtu akikojoa?"

Bibi akaelewa. Kifua kikamtanuka. "Ufumuke? Nguo zangu zinafuliwa, zinakamuliwa, zinapigwa juu ya jiwe, na uzi haujalegea! Labda ashone fundi mlevi. Na huyo dada yako leo atanitambua."

Mtoto akawaza. "Daktari si mlevi?"

"Nilimwona asubuhi," sista akasema. "Alikunywa chai."

Muda si muda chooni kukasikika mvua isiyo na mchezo. Binti akatoka polepole, mkono tumboni, akatangaza wodi nzima isikie: "Yote yamebaki ndani!"

Sista akakagua kidonda upya, akapima joto na mapigo ya moyo. Akamweleza bibi saa za dawa ya maumivu, kutokuruka kamba kwa wiki tatu, na namba ya kupiga akiona damu, uvimbe au homa. "Na kidonda kisilowe siku tatu."

"Si tumekubaliana hakifumuki?"

"Hakifumuki, bibi. Kinataka kukauka tu. Haya, nirudishie yote kwa maneno yako."

Bibi akayarudisha, hakuacha hata moja.

Saa saba na robo sista alitia sahihi. Bibi akachungulia ile karatasi.

"Mwandiko mbaya hivi," akasema, "kumbe na wewe ni daktari!"

Wakacheka wote wawili. Kisha sista akamvalisha mtoto viatu, akawasindikiza hadi mlangoni, na akasimama pale akiwatazama wakivuka uwanja taratibu, jua la mchana likiwa bado juu.